Hatua ya Kungoja

Kila siku ya shule, kabla kengele ya kwanza haijalia, Kinasih alikuwa ameshaketi kwenye chumba cha kompyuta. Wenzake walikuja wakijivuta, macho mazito, maana ilikuwa Ramadhani na mji mzima wa Karangjambe ulikuwa ukiamka alfajiri mbichi kula daku. Yeye alikuwa ameshawasha mashine, ameingiza neno la siri, na vidole vinakimbia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu angeinywa chai ikiwa bado inachemka jikoni, mradi tu asingoje.

Kazi yake haikuwa ya mchezo. Mwalimu wa kompyuta, Bu Wening, alikuwa ameunda mfumo wa kuwaita wachangia damu wa mji huo, na wanafunzi wa klabu yake ndio waliokuwa wakiingiza majina mapya. Mfumo huo haukukaa ndani ya kompyuta za shule. Ulikaa mtandaoni, kwenye mashine za mbali ambazo hazizimwi mchana wala usiku, ukijiendesha wenyewe hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza, mwenye mgonjwa anajaza fomu kwa simu. Ya pili, mfumo unatafuta wachangiaji wenye kundi lile la damu. Ya tatu, unangoja. Ya nne, unawatumia ujumbe wajibu moja kama wanakuja, au sifuri kama hawaji.

Siku aliyowapa wanafunzi neno la siri, Bu Wening aliwaonya kwamba kazi yao ni kuingiza majina tu, na ile hatua ya tatu wasiiguse kabisa. Hakusema kwa nini. Alikuwa na madarasa matano ya kufundisha siku hiyo, na rundo la karatasi za mtihani kwapani.

Kinasih hakujiunga na klabu hiyo kwa kupenda kompyuta. Alijiunga kwa sababu ya mdogo wake, Danang, mwenye miaka tisa. Danang alizaliwa na talasemia, ugonjwa wa kurithi unaoifanya damu isidumu mwilini. Kila baada ya wiki tatu alipelekwa hospitali kuongezewa mifuko miwili. Siku chache baadaye ungemkuta uani akirukaruka na kuwachokoza watu. Wiki ya tatu ikifika alipauka, akawa hana hata nguvu ya kubishana. Mama hakuweza kumtolea damu, kwa kuwa naye alikuwa na chembe za ugonjwa uleule. Baba alikuwa Kalimantan, ng'ambo ya bahari, akiendesha lori. Kinasih hakuwa ametimiza umri. Kwa hiyo uhai wa Danang ulikuwa mikononi mwa watu baki waliomo kwenye ile orodha.

Jumatatu ya wiki ya pili ya mfungo, Danang alipelekwa hospitali akarudishwa. Kabati la damu ya kundi O lilikuwa tupu. Nesi wa chumba cha damu, Mbak Tutik, alimweleza Mama kwamba mwezi wa kufunga huwa hivyo, wachangiaji hupungua, na miji ya jirani nayo imekauka. Ajaze fomu asubuhi, orodha iwaite watu.

Jumanne asubuhi Danang aliketi mara mbili kati ya kitanda na mlango. Midomo yake ilikuwa imefanana rangi na mashavu. Mama alijaza fomu saa moja kamili, na Kinasih akaenda shule akiwa na moyo mzito.

Saa tatu aliufungua mfumo, akaliona ombi la mama yake. Mbele yake paliandikwa neno moja: Linangoja. Akasoma zaidi. Lingengoja mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni.

Hapo hasira zikampanda. Mtoto hawezi kutembea, na mashine imekaa tu! Alimwita Prapti, rafiki yake wa dawati moja, akamwonyesha. Prapti alikunja uso, akamkumbusha maneno ya mwalimu.

"Mwalimu hana mdogo anayekufa," Kinasih alisema.

Akaibonyeza hatua ya tatu, akaifuta. Mara moja ujumbe ukatoka kwenda kwa wachangiaji themanini na sita wa kundi O. Prapti aliangalia pembeni. Kinasih alipumua kwa raha kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Jioni ile walifuturu kwenye benchi la hospitali, nje ya chumba cha damu: maji, tende tatu tatu, na mendoan, tempe ya soya iliyokaangwa, ambayo Mama aliifunga kwenye karatasi tangu nyumbani. Danang, ambaye hafungi kwa ajili ya ugonjwa, alikula kipande kimoja cha tempe hiyo akakirudisha kingine. Kinasih hakuondoa macho kwenye lango. Watu wangeanza kuja wakati wowote. Huenda wangekuja wengi hata Mbak Tutik akakosa vitanda.

Hakuja mtu. Swala ya Isha ikapita, Tarawehe ikaisha, wanaume wakapita barabarani na misala yao begani, wala hakuna aliyekata kona kuingia hospitali. Mbak Tutik alitoka mlangoni mara tatu. Alisema ni ajabu, kwa kawaida baada ya Tarawehe hawakosekani watano au sita.

Kinasih alienda msalani, akaufungua mfumo kwenye simu ya mama yake. Akaitazama orodha ya kundi O. Themanini na sita wote walikuwa na neno moja mbele ya majina yao: Amepumzishwa. Ndipo alipoiona hatua ya tano, ambayo hakuwahi kuijali. Mtu asiyejibu ndani ya muda wa saa tatu alipumzishwa kwa wiki mbili ili asisumbuliwe. Ujumbe ulitoka saa tatu asubuhi, watu wakiwa mashambani, sokoni, viwandani, kinywa kikavu. Adhuhuri ilipoingia, mfumo ulikuwa umewapumzisha wote.

Angeweza kutoka pale msalani akasema. Alijua hivyo wakati ule, na alikuja kujua hivyo zaidi baadaye. Lakini aliona uso wa Bu Wening, akaliona jina lake likifutwa kwenye klabu, akawaza pia kwamba huenda kesho watu watakuja wenyewe. Alirudi benchini, akarudisha simu, akanyamaza. Saa nne walifunga chumba cha damu, nao wakarudi nyumbani, Mama amembeba Danang mgongoni.

Jumatano asubuhi Danang alishindwa kuamka. Moyo wake ulikuwa ukidunda mbio hata akiwa amelala. Hospitali walimlaza, wakamwekea mpira wa hewa puani, na daktari akamwambia Mama bila kuzunguka kwamba damu inahitajika leo, moyo wa mtoto hauwezi kuvumilia zaidi ya hapo. Mama alijaza fomu nyingine. Kinasih hakwenda shule.

Benchini palikuwa na mtu mwingine safari hii, kijana aitwaye Tarko, muuza matofali kutoka kijijini. Mke wake alijifungua usiku na damu haikukatika. Naye alikuwa amejaza fomu, kundi O vilevile. Aliitazama simu yake kila dakika. Alimuuliza Mama kama hii orodha inafanya kazi kweli, au ni maneno ya watu tu. Mama akamjibu kwamba miaka minne orodha haijawahi kumwangusha.

Baadaye, Tarko alipoenda kumwona mke wake, Mama alifunika uso kwa ncha ya ushungi wake. Kinasih alidhani anasali. Alikuwa analia.

"Watu wametuchoka," Mama alisema. "Miaka minne ninaomba damu za watoto wa wenzangu. Siwalaumu. Hata mimi ningechoka."

Kinasih aliinuka. Akaingia wodini kukimbia maneno yale, na kule akakuta mabaya zaidi. Danang alikuwa macho. Alitoa sauti ndogo chini ya ule mpira.

"Dada, nimewakosea nini mpaka hawaji?"

Kinasih aligeuka. Alirudi nje mbio, akapiga magoti mbele ya mama yake pale kwenye saruji, akasema yote bila kupumzika: hatua ya tatu, themanini na sita, msalani, jana usiku. Alisema watu hawajachoka. Alisema ni yeye aliyewazuia. Alingoja kofi, na kwa kweli alilitaka.

Mama hakuinua mkono. Alimtazama, uso umemshuka, na kilichomuumiza Kinasih ni kwamba hakukasirika haraka. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani anaweza kutengeneza?"

Bu Wening alifika saa tisa alasiri, kofia ya pikipiki bado kichwani, kompyuta ndogo kwenye mkoba. Kinasih alirudia maneno yake mbele yake, na mara ya pili yalikuwa magumu kuliko ya kwanza, kwa sababu Tarko alikuwa amerudi na alisikia kila kitu. Kijana yule alisimama, akatembea mpaka mwisho wa ukumbi, akasimama huko amewapa mgongo. Hakutukana.

Mwalimu naye hakufoka. Aliifungua kompyuta magotini, akapekua, kisha akakigeuza kioo kumwelekea Kinasih. Kulikuwa na majibu yaliyoingia jana jioni baada ya futari. Moja. Moja. Moja. Kinasih aliyahesabu mpaka thelathini na moja. Watu thelathini na mmoja walikunywa maji, wakashika simu, wakasema wanakuja. Na chini ya kila jibu, kwa kuwa walikuwa wameshapumzishwa, mfumo ulikuwa umewajibu wenyewe kwa adabu: Asante. Kwa sasa huhitajiki, tafadhali pumzika.

Walikuwa njiani kuja, na yeye ndiye aliyewarudisha.

"Tuwaite sasa hivi, Mwalimu," aliomba, machozi yakimchirizika. "Wote. Nakuomba."

Bu Wening alitikisa kichwa. Akamweleza, polepole, jambo ambalo angepaswa kuwaeleza siku ile ya kwanza. Mwaka uliopita mfumo haukuwa na hatua ya kungoja. Ombi liliingia mchana wa Ramadhani, na mwendesha baiskeli ya abiria mmoja, mtu wa roho nzuri, akaja kutoa damu akiwa amefunga na hakusema. Alianguka kwenye ngazi za nje, akavunjika mtulinga. Hakurudi tena, na nusu ya jirani zake hawakurudi. Ndiyo maana mfumo unangoja watu wafuturu.

"Saa hizi hawana kitu tumboni," alisema. "Nikiwaita sasa, wataumia, au wataahidi wasahau. Nitawaita saa kumi na mbili na nusu. Na hatua hiyo utairudisha wewe, kwa mkono wako."

Mwalimu aliwarejesha wale themanini na sita kwenye orodha. Kinasih akaandika hatua ya tatu upya, herufi moja moja, vidole vilivyozoea kukimbia sasa vikikosea. Alipomaliza, mwalimu akamwonyesha kungoja kwingine alikokuwa hajakuona, ndani ya hatua ya nne. Ombi la kawaida lilikwenda kwa wote mara moja, kwa kuwa watu huja kwa siku tofauti, lakini ombi la dharura, kama hili la leo, lilitoka kwa watu kumi kumi, na kati ya kumi na kumi ni dakika kumi. Mifuko inayohitajika ni michache. Wakija themanini, wengi watarudishwa, na wiki ijayo wataiona simu waipuuze.

Kutoka saa kumi mpaka saa kumi na mbili na nusu kuna muda wa saa mbili na nusu, na Kinasih aliuishi wote. Aliingia wodini, akakaa karibu na kichwa cha Danang. Alimwambia kwamba hakumkosea mtu yeyote, kwamba watu walitaka kuja na dada yake ndiye aliyewazuia kwa haraka zake. Danang alifikiri kidogo.

"Basi wewe ni mjinga," alisema, akafumba macho tena.

Mwadhini alipoadhini Magharibi, Kinasih alikuwa amerudi benchini kando ya mwalimu, tende mkononi. Saa kumi na mbili na nusu kumi wa kwanza wakaitwa. Zikapita dakika tano, hakuna jibu. Zikapita nane. Mashine ya Danang ilisikika kutoka wodini ikilia kwa mpigo wa moyo wake, na mpigo ulikuwa wa mbio. Kinasih alitazama kitufe kilichokuwa kwenye kioo cha mwalimu wake, kile cha kuwaita wote kwa mara moja. Kilikuwa karibu na kidole chake. Mwalimu alimwona akikitazama, wala hakukiondoa.

Kinasih aliikunja mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Dakika ya tisa ikaja moja. Kumi wa pili walipoitwa zikaja tatu mfululizo. Wa kwanza kufika alikuwa mama mnene, mtengeneza tofu, aliyeingia akinung'unika kwamba jana kaambiwa na simu apumzike, nani kasema amechoka, yeye tangu azaliwe hajui kuchoka. Mbak Tutik alicheka akampeleka ndani akiwa bado ananung'unika. Kisha wakaja mwalimu wa madrasa, fundi wa pampu, na dada mmoja wa kiwandani aliyekuja moja kwa moja na sare yake ya kazi. Kumi wa tatu hawakuhitajika kuitwa.

Damu haitoki mkononi mwa mtu ikaingia kwa mwingine palepale. Inapimwa kwanza, na kupima kunachukua saa kadhaa. Mfuko wa kwanza ulipokuwa tayari, Kinasih alimwona Mbak Tutik akiutoa. Alisimama. Nesi akampita, akapita na mlango wa Danang, akaenda wodi ya wazazi, alikokuwa mke wa Tarko. Daktari ndiye aliyeamua, yule mama alikuwa anazimika.

Kinasih alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema mdogo wake alikuja kwanza, tangu Jumatatu. Akakumbuka kwamba Jumanne usiku ule mfuko ungekuwa umeshakuwepo, na wa pili, na wa tatu. Akakaa chini. Mama alimshika mkono kwa mara ya kwanza tangu mchana, akaubana mpaka vidole vikauma, na wote wawili wakangoja.

Mfuko wa Danang ulitundikwa wakati watu mjini walikuwa wanaamka kula daku. Mpaka jua linachomoza, mpigo ulikuwa umetulia na masikio yake yamerudi rangi. Tarko alipita mlangoni asubuhi, macho mekundu. Alimwambia Mama kwamba mke wake amemuuliza mtoto yuko wapi. Kwa Kinasih hakusema neno. Alimwangalia, akatingisha kichwa kidogo, akaondoka, na Kinasih akaona kwamba alistahili hivyo.

Jumatatu iliyofuata Kinasih alisimama mbele ya klabu nzima akaeleza alichofanya, kwa kuwa mwalimu alimwambia neno la siri litarudi kwake siku atakapokuwa amesema. Prapti alilia kuliko yeye. Kinasih alipomaliza, Bu Wening akakaa juu ya meza ya mbele.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Niliwakataza bila kuwaeleza, na mtu akikatazwa bila sababu, siku ya shida ataona amekatazwa kwa ubaya. Sasa nawaeleza. Mashine haina haraka wala haina uvivu. Kungoja mnakokuona humo nimekuweka kwa ajili ya mtu aliye upande wa pili, mwenye njaa, au aliye kazini, au aliyekwisha kutusaidia mara nyingi. Kabla hujakufuta, jiulize ni nani anayengojewa."

Kisha akamgeukia Kinasih, na sauti yake ikashuka.

"Lakini jambo moja halina kungoja. Ulipojua umekosea, ilikuwa Jumanne saa mbili usiku. Wachangiaji walikuwa wameshafuturu na wako macho, mimi nilikuwa nyumbani, simu yangu iko wazi. Ukinyamaza kwa hofu, Danang ndiye anayelipa hiyo hofu yako. Siku nyingine ukikosea, sema dakika hiyohiyo, hata kama sauti inakutoka nusu."

Kinasih alisema ndiyo. Mwalimu akamsogezea kompyuta. Pembeni mwa kila hatua palikuwa na nafasi ya kuandika maelezo, na pale penye hatua ya tatu hapakuwahi kuandikwa kitu. Kinasih alikaa akafikiri, bila haraka, huku wenzake wakimtazama, kisha akaandika: Wachangiaji wamefunga. Tuwangoje wafuturu kwanza.